Asubuhi ya Nani? Urusi na Miaka Mia Moja ya Kubadili Saa



Mtu akitoka Nairobi akaelekea kaskazini bila kupinda kulia wala kushoto, atapita Ethiopia, Bahari ya Shamu, Uarabuni, Syria, Uturuki na Bahari Nyeusi, na mwisho wa safari atafika Moscow. Miji hii miwili imetengana kwa zaidi ya kilomita 6,000 kutoka kusini hadi kaskazini, lakini tofauti yake ya longitudo haifiki digrii 1. Jua la utosi huifikia yote miwili karibu kwa wakati mmoja, yapata saa sita na nusu mchana. Tangu tarehe 26 Oktoba 2014 hata saa za ukutani zinalingana: mkazi wa Moscow na mkazi wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam wakitazama saa kwa pamoja, wanasoma saa ileile. Wazazi wenye watoto wanaosoma Moscow, katika chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba, siku hizi hawahitaji kupiga hesabu kabla ya kupiga simu.

Saa zinalingana, lakini nuru hailingani hata kidogo. Nairobi, tofauti kati ya siku yenye mchana mrefu kuliko zote na ile yenye mchana mfupi ni kama dakika 9 tu. Dar es Salaam tofauti hiyo haifiki saa nzima. Moscow mwezi wa Juni jua hukaa angani kwa saa 17 na nusu. Ukifika mwishoni mwa Desemba hukaa saa 7 basi. Ndiyo maana sisi hatujawahi kuhitaji saa ya kiangazi, na ndiyo maana Warusi wamehangaika nayo kwa miaka mia moja. Nimeichagua Urusi kwa sababu sijui nchi nyingine iliyoujaribu kila mpango unaowezekana, mmoja baada ya mwingine, juu ya watu walewale.

Hoja yangu nitaieleza mapema ili mnipime nayo. Hakuna serikali iliyowahi kuokoa nuru ya mchana. Serikali huihamisha tu, ikiichukua kwa anayeamka mapema na kumpa anayechelewa kulala, au kinyume chake. Kwa hiyo kila sheria ya saa inapopelekwa bungeni, swali la kwanza linalopaswa kuulizwa ni hili: ni asubuhi ya nani inayochukuliwa, na je, mwenyewe ameulizwa?

Saa zote nitakazozitaja hapa nitazisoma kwa hesabu yetu, ile ambayo saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana. Na ili tusipotee baadaye, tuanze na Moscow ya tarehe 22 Desemba, ambayo kwa nyakati tofauti imekuwa na saa tatu tofauti.

Kwa saa inayotumika leo, jua la siku hiyo huchomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama karibu saa kumi alasiri. Katika majira ya baridi ya mwaka 1991, chini ya mpango uliodumu miezi michache tu, lilichomoza karibu saa mbili na kuzama karibu saa tisa. Kati ya mwaka 2011 na 2014 lilichomoza karibu saa nne asubuhi na kuzama karibu saa kumi na moja jioni. Toeni wenyewe: katika kila mpango mchana ni wa saa 7. Kaya zinazopata maji kwa mgao zinalielewa jambo hili bila kufundishwa: ratiba ya mgao ikibadilishwa, tangi la mtaa haliongezeki hata ndoo moja, kinachobadilika ni nani ataamka usiku kuchota.

Sasa tuitazame historia yenyewe. Kabla ya mapinduzi ya 1917 kila mji wa Urusi ulifuata jua lake. Moscow ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 30 hivi, na wenye kujua historia ya Afrika Mashariki wanakumbuka kwamba Kenya nayo, enzi za ukoloni, iliwahi kutumia tofauti hiyohiyo ya saa mbili na nusu. Si ajabu, kwa kuwa jua ni lile na longitudo ni ile. Wazo la kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi lilitoka Uingereza, ambako mjenzi mmoja aitwaye William Willett alilitetea katika kijitabu cha mwaka 1907. Ujerumani ikawa ya kwanza kulifanya sheria ya nchi nzima mwezi Aprili 1916, katikati ya vita, kwa nia ya kupunguza matumizi ya makaa ya mawe. Urusi ilifuata Julai 1917 chini ya Serikali ya Mpito, na kwa miaka minne iliyofuata, mapinduzi na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, mishale ya saa za Moscow ilisogezwa mbele na kurudishwa nyuma mara nyingi.

Katikati ya misukosuko hiyo ilitoka amri moja iliyodumu. Tarehe 8 Februari 1919 Baraza la Makamisaa wa Umma, likiongozwa na Lenin, liliamua kwamba nchi itafuata kanda za saa za kimataifa. Kanuni yake ni nyepesi. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, kwa hiyo kila digrii 15 ni saa moja. Urusi ikagawanywa katika kanda 11.

Mwaka 1930 ukaja uamuzi ambao mimi nauona kuwa mzito kuliko yote. Tarehe 21 Juni saa zote za Umoja wa Kisovyeti zilisogezwa mbele kwa saa moja. Sababu iliyotolewa ilikuwa umeme: viwanda vilikuwa vinajengwa kwa kasi na mitambo ya kuzalisha umeme haikutosha. Hatua hiyo ilitangazwa kuwa ya muda, lakini mwaka uliofuata ikarefushwa bila kikomo. Ikaendelea katika njaa kuu, katika vita na Ujerumani ya Hitler, katika enzi ya Khrushchev na ya Brezhnev. Watoto walizaliwa, wakakua, wakawa wazee, bila kujua kwamba saa wanayoifuata ilitangulia jua kwa saa nzima. Aprili 1981 serikali ikaweka na saa ya kiangazi juu yake, hivyo kila kiangazi saa ikawa mbele ya kanda yake kwa saa mbili. Kilichoanza kuwa dharura ya muda kilitimiza miaka 60 kabla ya kuguswa.

Kilipoguswa, kiliguswa kwa namna ambayo wengi hawakuitambua. Tarehe 31 Machi 1991, sehemu kubwa ya nchi iliiondoa ile saa ya mwaka 1930 siku ileile ambayo saa ya kiangazi ilipaswa kuanza. Moja likaondoa, jingine likaongeza, na mwananchi hakugusa saa yake. Kiangazi kikapita vizuri. Septemba ilipofika, saa zikarudishwa nyuma kama kawaida, na hapo ndipo hesabu ilipodaiwa. Moscow ilianza kuona giza likiingia alasiri, na kadiri Desemba ilivyokaribia jua likawa linazama kabla ya saa tisa. Huo ndio mwezi ambao Umoja wa Kisovyeti ulivunjika. Watu waliosimama katika foleni za mkate na maziwa walisimama gizani wakati ambao sisi tungekuwa bado tunatafuta kivuli. Tarehe 19 Januari 1992 ile saa ya mwaka 1930 ikarudishwa. Ilirudishwa katikati ya baridi kali, bila kusubiri majira yabadilike, na mimi naliona jambo hilo kuwa kipimo cha jinsi watu walivyochoka.

Kwa karibu miaka ishirini mambo yakatulia katika utaratibu wa kawaida wa Ulaya, mbele wakati wa machipuko na nyuma wakati wa vuli. Kisha, Novemba 2009, Rais Dmitry Medvedev alilihutubia Bunge na kuuliza kama nchi inahitaji kanda zote 11. Hoja yake ilikuwa ya kiutawala: ofisi ya Moscow inapofunguliwa, ofisi za mashariki ya mbali zinakaribia kufungwa. Machi 2010 kanda zikapunguzwa kuwa 9. Samara na Udmurtia, zilizokuwa saa moja mbele ya Moscow, zikaunganishwa na saa ya Moscow. Mashariki kabisa, Kamchatka na Chukotka zikaunganishwa na Magadan.

Fikirini Samara, mji mkubwa ulio kando ya mto Volga, karibu digrii 12 mashariki ya Moscow. Jua lake huzama mapema kuliko la Moscow, nao wakapewa saa ya Moscow. Desemba ya mwaka huo jua la Samara lilizama karibu saa tisa na nusu alasiri. Mwanafunzi aliyetoka shule alitoka gizani. Mfanyakazi wa kiwandani hakuliona jua siku za kazi ila kupitia dirisha. Malalamiko yakawa mengi, Samara na Kamchatka pia, na wenyeji walikuwa na haki ya kulalamika, kwa kuwa walipoteza saa nzima ya nuru ya jioni ili simu za ofisi za Moscow zipokewe kwa urahisi.

Mwezi Februari 2011 Medvedev alitangaza hatua nyingine, kwamba Urusi itasogeza saa mbele Machi hiyo na haitazirudisha tena. Alieleza kwamba kubadili saa mara mbili kwa mwaka kunawapa watu msongo na maradhi, akataja hata ng'ombe, ambao hawajui kwa nini mkamuaji amekuja saa nyingine. Hilo la ng'ombe lilizungumzwa sana wakati huo, na kusema kweli naona alikuwa sahihi. Mnyama anafuata jua, na mfugaji yeyote wa Njombe au Nyandarua atakuambia hivyohivyo. Tatizo lilikuwa kwenye chaguo. Kuacha kubadili saa ni jambo moja, na kuchagua saa ipi ibaki ni jambo jingine. Serikali ilichagua saa ya kiangazi, yenye jioni ndefu, ambayo kila mtu huipenda anapoifikiria akiwa mwezi Juni.

Majira ya baridi yakafika. Moscow, jua likachomoza karibu saa nne asubuhi. Saint Petersburg, iliyo kaskazini zaidi, likachomoza saa tano. Naomba msikilizaji wa Tanga au Mombasa asimame kidogo hapa. Saa tano asubuhi kwetu soko limekwisha changamka, mama ntilie anaandaa chakula cha mchana, na mtoto wa shule ya msingi amekwisha soma vipindi kadhaa. Kule wakati huo ndipo jua lilipoanza kuonekana. Mtoto wa Saint Petersburg alikwenda shule gizani, akasoma masomo ya kwanza chini ya taa, na nje bado ni usiku.

Sayansi inaeleza kwa nini jambo hili linauma. Ndani ya ubongo, juu ya mahali ambapo mishipa ya macho hupishana, kuna kifundo kidogo cha seli kinachoratibu mizunguko ya mwili mzima: usingizi, joto, homoni, njaa. Mwaka 2017 Tuzo ya Nobel ya tiba ilitolewa kwa Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, kwa kugundua jinsi jeni zinavyoiendesha saa ya mwili, ugunduzi walioupata kwa kuchunguza nzi wadogo wa matunda. Saa ya mwili haikai sawasawa na saa 24 za siku, na kinachoirekebisha kila siku ni nuru, hasa nuru ya asubuhi. Nuru ya asubuhi huivuta mbele, nayo nuru ya jioni huichelewesha. Mtu anayeamka gizani na kukaa kwenye nuru hadi jioni mwili wake unachelewa nyuma ya ratiba ya kazi yake. Anaamka akiwa bado na usingizi, na Jumamosi inapofika analala kulipa deni. Marekani iliyapitia hayo kabla ya Urusi. Januari 1974, wakati wa shida ya mafuta, iliamua kukaa na saa ya kiangazi mwaka mzima kwa majaribio ya miaka miwili. Wazazi waliwaona watoto wao wakisubiri basi la shule katika giza, na Oktoba ya mwaka huohuo Bunge la huko likawa limekwisha ubadili mpango.

Urusi ilivumilia majira matatu ya baridi. Julai 2014 Duma, baraza la chini la bunge la Urusi, ikapitisha sheria mpya, muswada ukiwa umetetewa na mwenyekiti wa kamati ya afya, na Rais Vladimir Putin akaitia saini. Tarehe 26 Oktoba saa zilirudishwa nyuma, na kanda zikawa tena 11. Hapo ndipo Moscow ilipokutana na saa ya Nairobi. Samara, Udmurtia, Kemerovo, Kamchatka na Chukotka hazikugusa mishale, na kwa njia hiyo zikajitenga upya na majirani zao waliounganishwa nao mwaka 2010.

Mngetarajia simulizi liishie hapo, saa sahihi ikiwa imepatikana. Mimi pia ningetarajia hivyo, kama ningekuwa sijaisoma habari ya Magadan.

Magadan ni mji wa bandari katika Bahari ya Okhotsk, uliojengwa enzi za Stalin na kukumbukwa kwa kambi za wafungwa wa Kolyma. Sheria ya 2014 iliirudisha nyuma kwa saa mbili kwa mpigo mmoja. Ukitazama ramani, hakuna sheria iliyowahi kuwa sahihi zaidi: longitudo ya Magadan ni digrii 150 na kitu, sawa kabisa na saa 10 mbele ya Greenwich, hivyo jua la utosi likawa linafika saa sita kamili mchana. Mwalimu wa jiografia angeipa alama zote. Wenyeji waliikataa. Desemba jua lao lilizama karibu saa tisa alasiri, na mwezi Juni alfajiri iliingia watu wakiwa bado wamelala usingizi mzito. Sababu ni kwamba binadamu wa mjini hapangi siku yake pande mbili zilizo sawa za jua la utosi. Huamka saa moja au saa kumi na mbili, hulala saa tano usiku. Katikati ya siku yake ni kama saa tisa alasiri. Ukimpa saa iliyofuata jua barabara, nuru nyingi inamwagika asubuhi akiwa kitandani.

Tarehe 24 Aprili 2016 Magadan ikasogeza mishale mbele kwa saa moja. Haikuwa peke yake. Katika mwaka huo mmoja mikoa 10 iliomba na kukubaliwa kusogea mbele, ikiwemo Astrakhan, Ulyanovsk, Sakhalin, Tomsk, Novosibirsk na Saratov. Kila mmoja ulilazimika kupeleka ombi lake Moscow, sheria ya nchi ikarekebishwa kwa ajili yake na rais akatia saini. Naona kuna heshima fulani katika orodha hiyo. Baada ya miaka mingi ya kupangiwa saa kutoka makao makuu, mikoa ilianza kusema yenyewe inataka nuru yake ikae wapi.

Lakini kusema yenyewe nako si kazi nyepesi, na Volgograd ilionyesha hivyo. Mji huu, Stalingrad ya zamani, upo karibu na digrii 45 mashariki, kwa hiyo saa ya Moscow inaukaa sawasawa na jua. Tarehe 18 Machi 2018, siku ya uchaguzi wa rais, wakazi wa mkoa walipiga kura ya maoni, na zaidi ya nusu wakataka saa moja mbele. Oktoba hiyo wakasogea. Mara wakagundua gharama. Asubuhi za Desemba zilikuwa nyeusi hadi karibu saa tatu. Vipindi vya televisheni vilivyopangwa kwa saa ya Moscow vikawa vinaanza watu wamechoka. Shughuli za biashara na mji mkuu zikapishana. Mwaka 2020 wakaulizwa tena, na karibu theluthi mbili wakataka kurudi. Tarehe 27 Desemba 2020 wakarudi.

Wapo waliowacheka watu wa Volgograd kwa kugeukageuka. Mimi siwacheki. Sidhani kama mtu aliyepiga kura ya kwanza ni lazima awe yuleyule aliyebadili mawazo. Katika mkoa mmoja yupo muuguzi anayeingia zamu alfajiri, yupo mwenye duka anayefunga saa mbili usiku, yupo mzee mwenye bustani yake nje ya mji anayetamani jioni ndefu ya kupalilia. Kila saa inawafaa baadhi yao na kuwaumiza wengine. Kura iliwapata wengi wa upande mmoja, na miaka miwili baadaye ikawapata wengi wa upande wa pili. Walichokosewa kweli ni muda wa kujiandaa: sheria ya kuwarudisha ilikamilika siku chache tu kabla ya saa kubadilika. Simu na kompyuta za dunia nzima hutegemea kanzidata moja ya kanda za saa, inayotunzwa na wataalamu wachache, na kila badiliko la sheria katika nchi yoyote lazima liandikwe humo, lisambazwe, kisha lifike kwenye kila kifaa. Lisipofika kwa wakati, kengele ya kuamkia kazini inalia saa ya jana. Kifaa cha bei nafuu au cha zamani ndicho kinachochelewa kusasishwa, na mwenye kifaa hicho ndiye anayekatwa mshahara kwa kuchelewa.

Saa ina mengine yasiyohusu jua. Machi 2014, muda mfupi baada ya Urusi kuitwaa Crimea kutoka Ukraine, mishale ya saa ya stesheni ya Simferopol ilisogezwa kutoka saa nne usiku hadi saa sita. Rasi nzima ikaruka saa mbili ili ilingane na Moscow ya wakati ule. Jua la Crimea halikuwa na haja hiyo. Ilikuwa ni bendera, iliyopandishwa kwa njia ambayo kila mtu angeiona kila alipotaka kujua saa. Reli nayo ilikuwa na sababu zake. Kwa miaka mingi, hadi tarehe 1 Agosti 2018, tiketi na ratiba za treni za Urusi zilifuata saa ya Moscow, na msafiri wa Vladivostok, kilomita 9,289 kutoka mji mkuu, alisoma katika tiketi yake saa ambayo ilimlazimu kuiongeza saa 7 ndipo ajue aende stesheni lini. Lakini hilo nalitetea. Treni mbili zikiwa kwenye reli moja, ni lazima madereva wote wasome saa moja, na kwa miaka mingi utaratibu huo uliokoa maisha.

Ndugu zangu, nimesema mwanzoni kwamba sisi hatuhitaji saa ya kiangazi. Hilo halina maana kwamba swali la asubuhi ya nani halituhusu. Tanzania ni nchi pana. Kati ya Dar es Salaam na Kigoma kuna karibu digrii 10 za longitudo, yaani dakika 40 hivi za jua. Bujumbura, iliyo upande uleule wa Ziwa Tanganyika na karibu longitudo ileile na Kigoma, iko nyuma yetu kwa saa moja. Uvira na Bukavu, nchini Kongo, vilevile. Watu hawa wote wanaliona jua likichomoza karibu kwa pamoja, lakini saa ya Bujumbura inasoma saa kumi na mbili wakati ya Kigoma inasoma saa moja. Kwa miezi mingi ya mwaka jua la Kigoma huchomoza karibu saa moja asubuhi, na mwezi Julai huchelewa zaidi ya hapo.

Sipendekezi kuigawa nchi katika kanda mbili. Historia ya Urusi inanitosha kuliogopa jambo hilo: mabasi, benki, taarifa za habari, mitihani ya taifa, vyote vingedai hesabu ya ziada kila siku. Lakini mtoto wa Kigoma anayetakiwa kufika shuleni saa ileile na mtoto wa Dar es Salaam anatembea gizani wakati mwenzake anatembea kwenye nuru, na kwa mtoto wa kike hasa, sote hapa tunajua njia yenye giza ina maana gani. Saa ya nchi inaweza kubaki moja na muda wa kufungua shule ukapangwa na halmashauri kulingana na jua la mahali. Kwa Kigoma nusu saa ingetosha. Hakuna simu itakayohitaji kusasishwa, hakuna sheria ya nchi itakayoguswa, na mzazi wa Uvinza au Kasulu anaweza kulidai jambo hili katika kikao kijacho cha shule ya mwanawe.